Ng'ombe wa Choma Wamelipa Ada, na Aliyelipa ni Mimi

Jumamosi, Ng'ambo, Tabora. Joto tangu asubuhi. Wingu limejikusanya upande wa Kaliua lakini mvua inaringa. Na mimi leo naringa.

Naandika kwa kidole kimoja. Elimu yangu ni ya ngumbaru, ile ya watu wazima, na simu nimefundishwa na mjukuu wangu Kalunde. Herufi nazitafuta kama kuku aliyepotea, lakini nazipata. Wapo waliosoma kunizidi na hawajaandika popote.

Kalunde amepata chuo, kule Morogoro, asomee udaktari wa mifugo. Serikali imempa mkopo, lakini kipande cha ada kimebaki, nacho ni cha mzazi kulipa.

Mzazi ni nani? Hapo ndipo vita ilipoanzia.

Mama yake ni binti yangu Veronika, fundi cherehani hapa hapa Ng'ambo. Baba yake ni kijana wa kijiji cha Choma, aliyempa binti yangu mimba akarudi kwao kuchunga. Nilipotuma wazee, baba wa kijana, Mzee Maganga, aliwajibu kwamba zizi lake halina ng'ombe wa mchezo. Basi mtoto akakulia kwangu, kwa uji wangu.

Sasa anakwenda kuwa daktari wa ng'ombe, na wenye ng'ombe wamekumbuka kwamba wana mjukuu.

Wiki iliyopita Maganga alituma salamu kwamba anakuja kulipa ada. Nyumba nzima ikafurahi. Mimi nikakataa. Kwetu, mahari ikiwa haikutoka, mtoto ni wa upande wa mama. Watu wa baba wakimgharamia mbele ya wazee, wamemkomboa, mtoto ni wao. Nikawaambia asali yangu italipa.

Hapa niseme kweli. Mizinga yangu kule msituni ni mitupu. Ukame umewahamisha nyuki. Nilijua, nikanyamaza. Kalunde anatakiwa chuoni wiki hii inayoingia, na mimi nilikuwa na maneno tu.

Leo Maganga amefika na wazee wake. Ng'ombe wakashushwa kwenye fuso, wakaingizwa uani, mtaa mzima ukatoka kutazama. Nami wazee wangu walikuwa wamekaa tayari.

"Mzee mwenzangu," akasema, kofia ameilaza upande, "ng'ombe ndio hao. Uza, lipa ada. Mtoto tunamchukua."

Nikawageukia wazee, wake na wangu. Nikauliza, binti akipewa mimba nyumbani kwa baba yake, kitu gani kinatangulia kutoka?

"Faini," wakasema wote. Hata mzee wake mmoja asiye na meno akaongeza, "Faini hairukwi."

"Imewahi kutoka?"

Wazee wa Maganga wakatikisa vichwa.

"Basi ng'ombe waliokanyaga ua wangu leo ndio faini. Ya kumkomboa mtoto mtaleta siku nyingine, nikiwa na nafasi nitawasikiliza."

Maganga akaruka. "Wewe mzee ni mwizi."

"Mwizi huja usiku. Wewe umeniletea mchana, na mashahidi umewapakia mwenyewe."

Yule mzee asiye na meno akacheka mpaka akakohoa. "Umepigwa, Maganga. Kaa chini." Na kudai kurudishiwa faini iliyokwisha kuingia uani ni aibu, hata yeye analijua hilo.

Lakini faini haiishi kwa ng'ombe. Ina maneno yake. Maganga ikabidi asimame amwambie Veronika, "Mwanangu, tulikukosea." Veronika alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni. Akaitikia kwa heshima, akageuka haraka kama anayekwenda kutazama chai. Baadaye akaniambia, "Baba, leo wamesema."

Mimi nilikuwa napigania ada. Yeye alikuwa anangoja hayo maneno miaka yote, na sikujua.

Mchana mchuuzi wa ng'ombe amekuja, na kabla ya alasiri ada imeshatumwa kwa simu. Ng'ombe walikuwa wangu, kwa hiyo aliyelipa ni mimi. Anayebisha aje.

Kalunde peke yake ndiye aliyenitazama kwa jicho la pembeni. "Babu, mmenigombania kama fisi kwenye mzoga, hakuna aliyeniuliza. Mimi ng'ombe wa Choma nitawatibu, ukasirike usikasirike."

"Watibu," nikamwambia. "Lakini watalipa."

Babu yangu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na nguo, na mzigo wake hakubebewa na mtu. Kalunde ataifuata njia ile ile, amekaa kwenye treni. Siku ya mahafali wataita wazazi wasimame. Nitasimama mimi. Maganga nitamwachia kiti cha pembeni, maana kusema kweli ng'ombe walikuwa wazuri.

Sijui tu kama miguu hii itafika siku hiyo.

Itafika. Nimeshaiambia.