Nilimzimia Mke Mwenzangu TV, Lawama Akabeba Fundi

Mpendwa Bi Shukri,

Shikamoo, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili jambo sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni mke wa pili, nina miaka ishirini na tisa, naishi Garsen, na majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la mji. Mume wangu, nimwite Dukicha, anafanya biashara ya ng'ombe, na mke mwenzangu, ambaye sote tunamwita mama Zamzam kwa jina la binti yake, anakaa kwenye nyumba yake ndani ya ua huohuo, hatua kama ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Mwaka huu baada ya Ramadhani mume wetu alichoka na vumbi na waya zilizotanda kila mahali na wageni kukodolea macho kila chombo alichonacho, akasema anataka vyombo vyote vikae mahali pamoja na visionekane. Akamleta Kanze, fundi wa dishi na sola mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi ya Lamu, mwanamke wa rika langu, naye akajenga kabati ndani ya ukuta wa sebule yangu, kwa kuwa betri za sola ziko kwangu, mlango wake akaupaka rangi ileile ya ukuta hata mgeni anaweza kuuegemea akanywa chai asijue kuna kitu nyuma yake. Ndani alipanga dekoda, amplifaya na kile kifaa cha intaneti, kila kimoja na rafu yake, akatoboa matundu juu na chini na kufunga feni ndogo kwa sababu joto la hapa lingeviua, matundu akayawekea wavu wa kuzuia panya, kisha akapitisha waya kwenye bomba chini ya ardhi hadi kwa mama Zamzam, wake akaufunga utepe mwekundu na wangu wa kijani. Akaniambia, "Hivi vichwa vya waya nimevikaza kwa mkono, usiviguse. Kukiwa na shida nipigie nije." Kazi yake ilikuwa safi, Bi Shukri, nataka ulijue hilo mapema. Ufunguo nilipewa mimi, na mama Zamzam akitaka stesheni nyingine hunipigia simu nimbadilishie, tena kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mwezi wa nane Zamzam, ambaye ana miaka kumi na mitatu, alichaguliwa na shule yake kwenda kughani shairi kwenye mashindano ya kitaifa, na wakatangaza yataonyeshwa moja kwa moja saa kumi alasiri. Wanawake wa mtaa mzima wakaja, wengine kutoka Minjila, wakapita mlangoni kwangu kuelekea kwa mama Zamzam, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwangu, na mimi nilikuwa nimejitanda tayari niende nao, nimeshika birika la chai, ndipo nikasikia mmoja akisema nje ya dirisha langu, "Huyu wa pili ana TV kubwa lakini hana mtoto wa kumtazama ndani yake." Wakacheka. Mama Zamzam hakucheka, alisema, "Nyamazeni, hayo si maneno." Lakini mimi nimeharibikiwa mimba tatu, Bi Shukri, na mara zote tatu mama Zamzam ndiye aliyenikalia na kufua nguo zangu, na pamoja na hayo yote sijui nini kilinishika, nikaweka birika chini, mkono ukaenda wenyewe, nikafungua kabati na kulegeza waya wa utepe mwekundu.

Kelele zikapanda kule. Simu yangu ikalia. "Nuria, yako inaonyesha?" Nikamjibu, "Na yangu imezima." Nayo ilikuwa mbele yangu inaonyesha, sauti nimeitoa, nikamwona Zamzam akipanda jukwaani. Nilimtazama peke yangu mpaka mwisho. Ndipo nikaukaza waya.

Kwenye simu tumetafuta video za mashindano, wameweka za shule zilizoshinda tu. Zamzam aliporudi alimuuliza mama yake, "Mliniona?" na mama Zamzam akamjibu mbele yangu, "Tulikuona, mwanangu, sote." Mtoto akauliza kama alipenda mwisho wa shairi, naye akasema aliupenda sana.

Mume wangu alimwita Kanze, akapekua kila waya, akakuta kila kitu kizima. Akasema, "Mzee, hapa hapana kosa la kazi." Akanitazama, nikainamisha macho. Dukicha akaenda kumtangaza kwenye mnada wa ng'ombe kwamba fundi mwanamke amemwaibisha mbele ya mtaa, na tangu hapo gesti moja imevunja kazi aliyokuwa aifanye, na madrasa vilevile, na leo nimesikia Jumamosi anafunga kibanda ahamie Malindi. Nimeamua kusema, hilo nimeliamua, ila naogopa talaka, na sijui nianze na nani wala nisemeje. Nisaidie.

Nuria, Garsen

*

Nuria, marahaba.

Sikungoja siku ya gazeti. Nakujibu leo Jumatatu kwa simu yako kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Pole kwa mimba zako, na pole kwa maneno uliyoyasikia dirishani. Yalikuwa ya kikatili. Lakini aliyeyasema si mama Zamzam wala si Kanze, na hao ndio uliowaumiza. Unaniandikia kwamba mkono ulienda wenyewe. Hapana. Ulitafuta ufunguo, ukafungua mlango, ukachagua waya, ukapokea simu, ukadanganya. Usije ukarudia neno hilo la mkono mbele ya mtu yeyote, kwa sababu ukilisema hutakuwa umekiri, utakuwa unajitetea.

Unauliza uanze na nani. Nenda kwa mama Zamzam, leo, peke yako, mikono mitupu. Usibebe kanga wala sukari. Sema ulichofanya kwa sentensi moja kisha ufunge mdomo. Mimba zako usizitaje, maana yeye anazijua kuliko mimi, na ukizitaja utamlazimisha akuhurumie wakati ana haki ya kukasirika. Akikufukuza, ondoka. Akilia, kaa.

Halafu mumeo, siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie aliyemharibia Kanze jina ni wewe uliyetenda na yeye aliyetangaza bila kuuliza. Naye abebe lake. Anayejenga kabati moja la nyumba mbili akampa ufunguo mke mmoja, amemfanya mwenzake kuwa mwombaji ndani ya ua wake mwenyewe, na hilo lirekebishwe hata kama usingelegeza kitu. Talaka unaiogopa na si woga wa kijinga, kwa hiyo kabla ya kuzungumza naye mpigie kaka yako au mjomba wako, ajue kuna jambo na awe tayari kuja. Lakini usiitumie talaka kama sababu ya kunyamaza wiki nyingine. Kanze hana wiki nyingine.

Na jina lililochafuliwa hadharani halisafishwi jikoni. Lisafishwe palepale mnadani, mbele ya walewale. Asiposimama mumeo, simama wewe.

Bi Shukri

*

Bi Shukri,

Naandika baada ya wiki mbili, na unaweza kuchapisha barua zote.

Nilimkuta mama Zamzam akifukiza kibuyu cha maziwa. Nikasema, "Siku ile TV yako niliizima mimi, na yangu ilikuwa inaonyesha." Aliendelea kufukiza mpaka moshi ukaisha. Kisha akauliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Kaa hapo. Niambie. Usiruke kitu."

Nikamweleza yote, kwamba Zamzam alipanda akiwa amekunja ngumi, kwamba alianza haraka mno kisha akatulia, kwamba kwenye ubeti wa mwisho alifumba macho. Aliniuliza kuhusu viatu, na kama waliopiga makofi walikuwa wengi. Nilipomaliza akasema, "Sasa toka. Mtoto utamwambia wewe, si mimi." Nilimwambia Zamzam jioni hiyo. Hajanisalimia mpaka leo, na mama yake simu yangu haipokei. Ufunguo nilimwachia juu ya meza yake.

Kaka yangu alikuja. Dukicha alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, lakini neno la talaka hakulitamka. Alichokataa ni mnada. "Siwezi kurudi mbele ya wale watu niseme nilikosea."

Nikamwambia, "Basi nitakwenda mimi."

"Wewe? Katikati ya ng'ombe na wanaume?"

Mama Zamzam alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akasema, "Mwache aende."

Alhamisi nikaenda. Mzee Tadicha, dalali, alikuwa anaita bei ya fahali mmoja mwekundu, akaniona, akakatiza. "Mama, umepotea?"

"Sijapotea, mzee. Nina neno fupi." Nikawageukia wanunuzi. "Mliambiwa Kanze fundi aliharibu kazi nyumbani kwetu. Hakuharibu. Waya niliulegeza mimi, kwa wivu. Kazi yake haina kasoro, na mwenye kazi ya kumpa asiogope."

Wengine walicheka. Mmoja akauliza Dukicha yuko wapi, kumbe alikuwa nyuma yangu, alinifuata bila mimi kujua. Akasema kwa sauti kavu, "Ni kweli. Nilimsingizia mtu." Akageuka akaondoka. Mzee Tadicha akasema gari la kupakia linangoja, akarudi kwenye bei yake.

Kutoka hapo nikaenda stendi. Kanze alikuwa ameshatoa rafu na meza nje, amezifunga kamba. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Kichwa cha waya kilikuwa kimekazwa kwa namna isiyo yangu. Nilingoja useme mbele ya mzee."

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza mwezi mzima. Kwenu sirudi, utafute fundi mwingine wa hilo kabati."

Nikasema sawa. Nikawa nageuka, akaniita. Alikuwa ameshafungua kamba na kuinua ncha moja ya meza.

"Umefika hapa mikono mitupu. Shika huko."

Nikashika, tukairudisha ndani.

Nuria