Petikoti Iliyotoweka Jericho

Mama mkwe wangu mpendwa, popote ulipo,

Jana nimekukamata. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zako zimepita hapo mbali sana, umeshazikwa kule Mwala na nyasi zimeota, na bado nimekukamata. Ushahidi uko mapajani mwangu ninavyokuandikia. Usianze kucheka huko uliko. Nitakueleza nilivyokukamata, ila kwanza nataka tukumbushane tangu mwanzo, kwa sababu nakujua: swali likikufikia karibu, wewe huuliza kama chai imechemka.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu? Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, tunakaa mtaa wa Jericho mjini, mimi na mwanao Mutuku. Yeye alikuwa karani wa ghala huko Industrial Area, mimi nilikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza unajua ilivyoisha. Yule mvulana alikaa nasi wiki chache tu, akashikwa na homa, tukamleta kwenu ndani ya kisanduku. Kabla hajazaliwa nilikuwa nimemnunulia kila kitu mjini: fulana mpya, kofia mpya, blanketi likiwa bado na karatasi yake. Wanawake wa ua wetu walinionya kwamba mtoto hatayarishiwi nguo akiwa tumboni, kwamba ni kumwonyesha mwenye kijicho mahali pa kuchungulia. Niliwacheka. Baada ya mazishi sikucheka tena. Mimba ya pili ilipoingia, hata sindano ya kushikizia vifungo niliitoa nyumbani nikampa jirani.

Halafu ukaja wewe na kiondo chako. Ukanywa chai, ukauliza habari za kanisa, ukavuta kiti mlangoni penye mwanga, ukatoa mkasi na kuanza kushona fulana ya mtoto.

Mama! Niliweka sufuria chini ili isiniponyoke. Mzee mzima, mwanamke aliyezaa na kuzika, asijue mwiko ambao hata vigoli wa mtaani wanaujua? Nikajiambia huyu anajua. Anajua na anafanya makusudi. Na sababu nilikuwa nayo: wewe hukunitaka mimi. Ulitaka Mutuku aoe msichana wa kwenu, si Mtaita aliyemkuta kwenye kwaya. Hukulisema hilo wazi, lakini siku ya harusi ulinikumbatia kwa mkono mmoja tu, na ule mwingine ulishika mkoba.

"Mama," nikakuambia, "huyu bado hajafika."

"Nani kasema nashonea mtoto?" ukanijibu, macho kwenye sindano. "Mimi nashona viraka tu."

Tangu siku hiyo nilikuchunga. Nilikuwa napepeta mchele huku jicho liko kwako. Kwanza niliona kwamba huanzi uzi kwa fundo. Mtu yeyote anayeshona hupiga fundo, wewe ulirudisha tu sindano pale pale ilipotoka kisha ukaendelea. Halafu nikaona ile fulana yenyewe. Mishono yote ulikuwa umeiweka nje! Nguo ya mtoto iliyogeuzwa ndani nje. Kwetu kule milimani, anayevaa nguo kinyume akitoka nje alfajiri ana jina lake, na jina hilo si zuri. Sikukuuliza. Niliogopa ungenipa jibu.

Kisha ukaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Hukuomba chumvi wala kibiriti, uliomba nguo kuukuu. Kwa yule mchonga vinyago wa pembeni ulipewa kipande cha shati. Kwa fundi wa viatu, pindo la shuka. Ulikuwa ukisisitiza isiwe mpya, iwe imevaliwa na kufuliwa mpaka imelainika. Mama Zuhura, jirani yetu aliyezaliwa Majengo na kuhamia Jericho baada ya kuolewa, alikupa leso kwa mikono miwili, kisha ulipoondoka akanivuta jikoni.

"Wewe mwana, fungua macho," akaninong'oneza. "Nguo iliyovaliwa ina jasho la mwenyewe. Ukimpa mtu jasho lako umempa shingo yako. Mimi nimempa kwa heshima ya uzee wake, lakini Ayatul Kursi nimeisoma mpaka mwisho."

Na mtaani, mama, watu walipenda kusema kwamba dawa kali zote hutoka upande wa kwenu. Leo nayaona ni maneno ya watu wasio na kazi. Wakati ule niliyanywa kama uji.

Nilimwambia Mutuku. Alikuwa anavua viatu, akacheka mpaka akakaa vibaya. "Wewe mke wangu hata kivuli chako ungekidai kitambulisho," akasema. "Mama ni mama. Mwache ashone." Nikaona hata yeye umeshamfunga macho.

Hatimaye ukanifikia mimi. Nakumbuka ulivyonishika mkono, vidole vyako vimekauka kwa kuchomwa na sindano.

"Na wewe nipe yako. Iliyokaa karibu na mwili."

Nilisema nitaitafuta. Siku iliyofuata nikateremka Gikomba, nikazungukazunguka kwenye mitumba mpaka nikapata shati la drafti za kahawia, laini, limevaliwa na mzungu gani sijui. Nikalifua, nikalikata kipande, nikakuletea kwa adabu zote. "Hii ni yangu ya zamani, mama." Wewe ukakipeleka puani. Ukakinusa polepole kama mtu anayekagua maziwa. Ukaniangalia.

"Nguo hii imesafiri," ukasema.

Ukakikunja, ukakitia kiondoni. Nilitaka kumlinda mtoto wangu, mama. Sikuwa na jingine. Mmoja nilikuwa nimeshamzika, na nilikuwa tayari kumdanganya yeyote kwa ajili ya huyu.

Wiki hiyo hiyo petikoti yangu ikatoweka kwenye kamba. Unaikumbuka? Ile ya samawati yenye maua madogo meupe, ambayo ilikuwa imechakaa lakini ndiyo pekee iliyonitosha tumbo likiwa vile. Nilifua asubuhi, nikaanika uani, jioni nikakuta vibanio viwili vinaning'inia. Nilipandisha mori. Nilisimama katikati ya ua nikauliza kila mlango. Mama Zuhura, mwanamke mwenye mwili wake, akatoka akiwa amejishika kiuno: "Petikoti yako mimi niivae wapi? Mkononi?" Tulinuniana mpaka nilipojifungua. Na wewe, mama! Wewe ulinisaidia kutafuta. Ulipiga magoti ukachungulia chini ya kitanda. Ulisema, "Mjini kuna wezi wabaya." Nakumbuka maneno hayo kama jana.

Mtoto akazaliwa, msichana mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Tuliporudi kutoka hospitali ulitandaza kitandani vyote ulivyoshona: zile fulana za mishono nje, nepi za shuka kuukuu, kofia uliyoitoa kwenye mguu wa soksi ya Mutuku, na kile kiblanketi cha viraka chenye bitana ya mfuko wa unga uliofuliwa mpaka maandishi yakaondoka. Kila nyumba ya ua wetu ilikuwa humo. Mchonga vinyago alijiona, fundi wa viatu alijiona. Na drafti zangu za kahawia zilikuwa katikati kabisa.

Hapo ndipo uliposema, na watu wote wako pale: "Mtoto wa nyumba moja, kifo kinamjua mlango. Huyu ni wa nyumba zote hizi. Kikija, kitabisha hodi wapi?" Ukamwinua. "Nami sikumshonea yeye. Nilishona viraka, naye amevikuta. Jina lake Kiraka, asione mtu wivu." Ukanigeukia mimi kwa sauti ya chini: "Cha mama ndicho kinakaa kifuani."

Wanawake walipiga vigelegele. Hata Mama Zuhura alifuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimeganda, kwa sababu nilijua kifuani pa mwanangu pamelala shati la mtu wa ng'ambo. Na nilipopitisha mkono nikasikia jambo jingine. Kiraka kile cha kahawia kilikuwa kinene kuliko vingine. Kulikuwa na kitu chini yake.

"Mama, humu mna nini?"

"Ni mshono tu," ukasema. Kisha ukauliza kama chai imechemka.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kukifumua niliogopa. Kama umeweka dawa ya kumdhuru, mbona mtoto ananenepa? Na kama ni dawa ya kumshikilia, nikiitoa je? Nikakiacha. Kila alipopata homa nilikishika kile kiraka kwa vidole viwili, nikikipima kama kimeongezeka. Alipougua surua niliketi na mkasi mapajani, na wewe umekaa upande wa pili unampangusa uso, tunatazamana. Akapona. Mkasi nikaurudisha.

Ulikaa nasi mwaka karibu mzima, na katika mwaka huo ulinifundisha kushona bila kuniambia kwamba unanifundisha. Ulikuwa unanipa tu kipande na kusema, "Hebu malizia." Nikamalizia nepi, nikamalizia kitambaa cha kufunga shingoni asilowe mate, nikamalizia vijiatu vya kitambaa kutoka kwenye suruali ya Mutuku iliyochanika goti. Siku niliyojitia moyo nikakuuliza kwa nini mishono unaiweka nje, uliniangalia kama niliyeuliza kwa nini maji ni maji.

"Mtoto halalii upande wa nje," ukasema. "Ngozi yake bado haijajua dunia. Mshono ukiwa ndani unamkwaruza. Fundo nalo linamchoma. Hujamsikia mtoto wa jirani analia usiku kucha?"

Jibu lilikuwa zuri. Ndiyo maana sikuliamini lote. Mtu mwenye majibu mazuri hivyo, nilijiambia, anaficha moja. Lakini nilianza kungojea sauti ya kiondo chako kikiwekwa sakafuni asubuhi. Uliporudi Mwala nyumba ilinyamaza, nami nililia, na sikutaka Mutuku aone.

Ulipofariki nilikuja kukuzika. Nilisimama karibu na jeneza nikijiambia kwamba umeondoka na siri ya kiraka kile. Nilikuwa nakupenda, mama, na bado sikukuamini, na sikujua kama moyo mmoja unaruhusiwa kuwa na vyote viwili.

Sasa sikia ya jana. Kiraka amekuwa mtu mzima, ameolewa, anakaa Tassia kwenye ghorofa, na ana mimba. Mimba yake ya pili. Ya kwanza haikufika, mama. Hasemi mengi juu yake, lakini nimemwona akipita dirisha la duka lenye nguo za watoto, akageuza uso. Basi nikafungua sanduku nikitafuta kile kiblanketi, nikakuta panya amenitangulia. Alikuwa ametafuna ukingo wa kile kiraka cha kahawia.

Na kwenye tundu kulikuwa na rangi ya samawati.

Nilikwenda dirishani. Nikachukua mkasi ule ule, nikafumua polepole, upande mmoja, kisha wa pili. Mishono yako midogo, haina fundo hata moja. Drafti za kahawia zikafunguka kama kifuniko. Chini yake, kimekunjwa mara mbili na kuzungushiwa uzi pande zote, kilikuwa kipande cha petikoti yangu, na maua yake meupe.

Mwizi wewe! Nilipiga kelele hivyo, peke yangu chumbani. Nilijua! Miaka yote ile nilisema kuna kitu humo, wakaniambia nadai kivuli changu kitambulisho. Uliinusa Gikomba kwenye lile shati, hukunisuta, hukumwambia mwanao, hukuniaibisha mbele ya wanawake wa ua. Ulikwenda tu kwenye kamba. Kisha ukauweka uongo wangu juu ili mimi nitulie, na jasho langu chini ili mwanangu asilikose. Na chini ya kitanda ulipiga magoti kutafuta ulichokuwa umekikalia.

Nililia, mama, sikufichi. Nililia kwa sababu Kiraka alilala kifuani kwangu siku zote zile ambazo nilidhani nimemnyima. Ule mkono wako mwingine, siku ya harusi, pengine mkoba tu ulikuwa mzito.

Leo asubuhi nimekwenda Tassia. Nimebeba kiondo. Nimekaa karibu na dirisha, nimetoa mkasi.

"Mathe," Kiraka ameniambia, "si mlituambia mtoto hashonewi kabla hajazaliwa?"

"Nani kasema nashonea mtoto? Nashona viraka tu."

Ameniangalia. Mama, ungeyaona yale macho! Ni yangu yale, nayajua. Nilipomwomba nguo yake kuukuu, iliyokaa karibu na mwili, ameenda chumbani, akakawia. Amerudi na fulana ya kijivu ambayo yeye na mumewe wangeingia pamoja na nafasi ikabaki.

"Hii ni yangu ya kitambo," amesema.

Nimeinusa. Gikomba tupu. Nikamwambia ahsante sana mwanangu, nikaikunja vizuri, nikaitia kiondoni.

Nguo wanaanika juu ya paa la ghorofa. Nimepanda nikajifanya napunga upepo, na kamba yake nimeshaijua. Anafua kesho.

Lala salama, mwizi wangu.

Ni mimi mkaza mwanao,
Mama Kiraka