Inzi wa Manyoya Asizame

Severina na Philbert,

Nimerudi mtoni. Kile kichupa cha dirishani si dawa ya baba yenu. Ni petroli niliyoyeyushia mshumaa ndani, kwa hiyo kisisogee karibu na moto.

Asubuhi yule inzi wa bandia niliyemtengeneza kwenye ndoana kwa manyoya ya jogoo, aelee juu ya maji kama inzi wa kweli, alilowa, akazama hapo hapo, na samaki hawakumtazama. Philbert ukanicheka mbele ya kina mama waliokuja kuchota maji: “Mama, unavua au unafua?” Iliniuma. Lakini inzi nimemkausha kwa kitambaa, nikampepea mpaka manyoya yakasimama, nikamchovya kwenye ile petroli ili nta ya mshumaa imkinge na maji, nikamwacha akauke tena. Nimemjaribu kwenye karai. Nilimzamisha kwa kidole, akaibuka.

Tangu baba yenu atoke hospitali Tosamaganga hajala kitu cha maana. Jana ndiyo mara ya kwanza ametamani chakula: “Ningepata samaki wa madoa wa mtoni, ningekula.” Fimbo ya kuvulia ni yake, na kuvua kwenyewe kanifundisha yeye. Sasa nikae nyumbani nifanye nini?

Severina, akiamka mpe uji, hata akinuna. Kikaango kisuguliwe, na chumvi isagwe.

~~Philbert, usinifuate.~~ Philbert, njoo na kikapu, ila mdomo ufunge.

Baba akiuliza nilipo, mwambieni nipo mtoni kwa ajili yake, na sitoki mpaka nimpate samaki huyo.

Mama yenu