Mama Anamtaka Karani

Jumatano, Kerege

Bado sijatulia. Leo kwenye mkutano wa maoni kuhusu kanuni za uchaguzi nilipinga pendekezo kwamba mpiga kura asiyeona asaidiwe na karani wa kituo, si ndugu yake. Nikatoa mfano wa mama: tangu macho yamwishie, kura zake namwekea alama mimi. Watu wakanipigia makofi.

Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, leo nimekutetea."

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Mimi namtaka huyo karani."

"Mtu baki?"

"Karani hatarudi nami nyumbani aje kuninunia wiki nzima."

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Kila uchaguzi alinitajia mgombea ninayemtaka mimi, nami nikadhani ndiye anayemtaka yeye pia.

Kesho mkutano unaendelea. Nitampeleka aseme mwenyewe. Naogopa atakachosema.