Sarafu Yenye Wafalme Wawili

Mpendwa mpwa wangu Rehema,

Marahaba. Najua hujanisalimu, lakini mtu wa kiwango changu huitikia hata kabla shikamoo haijafika. Toka Segera mpaka Mombo hakuna asiyenijua. Dereva wa basi akipita Korogwe bila kunipigia honi, gari linamzimikia mbele. Waulize.

Nakuandikia kwa sababu hujakanyaga Handeni tangu nilipopasuka kipaji cha uso, na dada yangu, mama yako, ananiambia umeacha na chuo. Unasema wewe ndiye uliyeniponza, kwa kuniachia ile sarafu. Hilo ndilo limenikalisha chini na kalamu, mimi ambaye niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu aliniogopa.

Unakumbuka siku tuliyoipata? Tulikuwa tunamchimbia mama yako shimo la choo kule Korogwe, sururu yangu ikagonga kitu. Nikasema ni kifungo cha koti la Mjerumani. Wewe ukakipangusa kwa kanga, ukatoa kile kioo chako cha kukuzia, ukakiinamia.

"Mjomba, ona pua hii. Chini yake kuna pua nyingine."

Ukanieleza. Mfalme mmoja wa zamani sana, wa nchi za mbali, alimpiga mfalme mwenzake, akachoma miji yake, akazoa na sarafu zake. Hakuziyeyusha. Alizipasha moto, akazilaza juu ya chuma kilichochongwa sura yake, nyundo ikashuka. Kichwa juu ya kichwa.

"Kwa hiyo huyu wa chini aliuawa mara mbili?" nikauliza.

"Na bado hakuisha, mjomba. Sikio lake hili hapa, kwenye shingo ya aliyemuua."

Rehema, mimi ni mhunzi. Nilimwona yule mshika nyundo kama ninavyomwona jirani. Tulipofika kwangu Handeni nikapasha kipande cha shaba nikuonyeshe alivyofanya, tukatwanga kwa zamu, wewe unacheka, mpaka mke wangu akachungulia: "Nyie wawili, mnamuua nani humo?"

Ulipoondoka kwenda kuwaita walimu wako waje waione, uliniambia maneno matatu: usiisugue, usiipashe moto, usimwonyeshe mtu. Nikaapa.

Nilimwonyesha kila mtu. Sokoni Korogwe muuza mitumba mmoja aliigeuzageuza, akaangua kicheko. "Mfalme gani ana masikio matatu? Mzee, fundi wako alikuwa amelewa!" Watu wakacheka naye. Nikampiga. Meno mawili yakadondoka juu ya mashati yake ya kuuza. Nikamburuta kwa kola mpaka karibu na reli, nikampiga tena akiwa chini, wanaume wanne wakamnasua kwa shida. Sikuwa namwonya, mwanangu. Nilikuwa namfuta.

Yaliyofuata unayajua jinsi nilivyokusimulia. Wanaume saba wenye mapanga, njia panda ya Segera, mchana kweupe. Wa kwanza nilimvunja mkono, ukalia kama kuni kavu. Wa pili nilimbamiza kwenye nguzo. Watatu wakatambaa kwa magoti wakitema damu. Wa sita akakimbia akiacha viatu, na wa saba ndiye aliyenikata kipaji kwa hila, akatoroka na sarafu yako.

Ukalia ukiwa umeishika bandeji yangu. "Ni mimi, mjomba. Ningeibeba mwenyewe, yasingekupata haya." Nami nikakuacha ulie. Kila chozi lilinirefusha. Hilo ndilo linalonikaa kooni nikila.

Hapakuwa na saba, Rehema. Hapakuwa hata na mmoja.

Nilirudi toka sokoni na kicheko cha yule bwana masikioni. Nikasema, kazi ya mfalme huyu ilikuwa mbovu, moto haukumtosha, nitammalizia. Nikaivukutia mpaka ikawa nyekundu, nikailaza kwenye fuawe, nikainua nyundo kubwa. Nilitaka yule wa chini asibakize hata sikio. Shaba iliyolala ardhini miaka yote ile ikapasuka kama biskuti. Vipande viwili ninavyo kwenye kopo la kahawa. Vingine sikuviona tena.

Hukuniponza. Ulinikataza, nikafanya. Njoo uvichukue hivyo vipande, uwapelekee walimu wako, utaje na jina la aliyevivunja. Barua hii nimeiacha wazi asome yeyote, kwa sababu uongo niliusema mbele ya watu, na wewe ukaubeba peke yako. Rudi chuo, mwanangu. Mungu akulinde.

Ah, na kipaji. Ni kichembe cha ile sarafu kilichoruka, kadiri ya punje ya mchele. Damu ya mwenzangu naivumilia. Yangu ilipofika puani nilizimia pale pale, na mke wangu alinizindua kwa maji aliyooshea vyombo.

Ni mimi, mjomba wako.