Waliokuwepo Kwenye Moto

Afande Mhina,

Shikamoo. Ile "jambo afande" ni ya kazini, na leo sikuandikii kikazi. Tangu tulipokuzika kwenu Tanga sijathubutu kukalia kiti chako. Mafaili nayasoma nimesimama, wenzangu wanadhani naumwa mgongo.

Bani jingine la kukaushia tumbaku limeungua Ushetu. La nne sasa. Limechomwa vilevile, mafuta ya taa chini ya mlango, na Luhende tuliyemkamata ana mwezi wa nane mahabusu.

Unakumbuka tulivyomchora mhalifu kabla ya kumjua? Mwanamume wa jirani, mpweke, mwenye kinyongo, anayerudi kuutazama moto wake. Kazi hiyo uliiweza. Kule Bulyanhulu ulisema anayewavizia akina mama ni bodaboda anayejua saa za zamu. Tukaacha kusumbua kambi nzima ya wachimbaji, tukampata kwa siku mbili, simu zao anazo. Tangu hapo nilikuamini kuliko macho yangu.

Luhende akaenea kwenye mchoro. Hana mke, alirudi kutoka machimboni mikono mitupu, hasemi na watu, na kwenye kila moto alikuwepo. Hilo la mwisho ndilo lililokutosha. Ukaniambia, "Andika, Kabula. Mioto mitatu, yote yupo."

Nikaandika. Afande, mimi ni mtoto wa huku huku, wa Samuye. Ukipigwa mwano, lile yowe la hatari, kila mwanamume hukimbia kwenda kusaidia. Asiyekwenda hutengwa, hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Luhende alikuwepo kwa sababu kijiji kizima kilikuwepo. Nilijua hayo, kalamu ikiwa mkononi. Niliona haya kukusahihisha mbele ya watu, wewe uliyenifundisha kazi.

Mama yake huja kituoni kila Jumatatu. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, angebaki amelala ndiyo mngemwacha?" Niliingia ofisini kwako nikalia.

Kesho naitwa mahakamani kutoa ushahidi. Wenzetu wananisihi nisikuchafulie jina, kaburi bado bichi. Nakupenda, Afande, na sitanyamaza. Nitasema mchoro wako ulifaa kutuonyesha pa kuanza kutafuta, haukufaa kumfunga mtu. Kisha nitasema lile ambalo wewe hukulijua, na halimo kwenye faili.

Pumzika salama. Nakuahidi hakimu hataondoka akidhani ni wewe uliyekosea. Wewe hukujua mwano ni nini. Mimi nilijua, nikaandika.

Kabula