Haikuwa Treni

Wekesa mjukuu wangu,

Huku Buruburu tumeamka salama. Mama yako amepona mafua, na maji yamerudi kwenye mfereji tangu juzi.

Umeniuliza kama nitakubali uniwekee chini ya godoro hicho kitambaa kinachosikiliza moyo mtu akiwa amelala. Swali lako limenikumbusha babu yako.

Tulipooana, babu yako alifanya kazi ya usiku kiwandani na kulala mchana. Kule Makongeni tulikuwa na chumba kimoja, kwa hiyo kitanda cha springi ndicho kilichokuwa kiti changu. Nikikaa ukingoni nikishona, nilisikia moyo wake ukigonga kwenye zile springi, unanyamaza, kisha unakimbia. Majirani walisema ni treni inapita. Daktari alimpima akiwa macho, ameketi wima, kisha akanijibu vivyo hivyo: "Mama, si mnakaa karibu na reli?" Hakuniuliza hata nilichosikia. Jumapili moja hakukupita treni yoyote, na kitanda kikatetemeka vilevile. Alivyotutoka baadaye unajua, ndiyo maana ukapewa jina lake.

Lete hicho kitambaa. Mimi nalala peke yangu, hakuna wa kukaa ukingoni.

Nyanya yako